Nilivyomuua Tajiri Wangu kwa Mistari Mitano

Nilikuwa napiga taipu maneno hamsini kwa dakika, na nilihakikisha hakuna mtu kijijini kwetu Nunguni asiyelijua jambo hilo. Mama alinisaidia kutangaza. Kanisani, sokoni, hata kwenye foleni ya maji, alisimulia kwamba binti yake amerudi kutoka Nairobi na cheti, na kwamba sasa ni karani wa ofisi huko Sultan Hamud. Hakueleza kwamba ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka, kati ya magunia ya maharagwe na mapipa ya mafuta ya taa. Wala hakueleza kwamba nilikuwa nimechukuliwa kwa majaribio ya miezi mitatu, na kwamba ningeweza kurudishwa nyumbani wakati wowote na cheti changu kwapani. Nami sikumsahihisha.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, nami sijafika umri wa miaka ishirini na mbili. Tajiri wangu alikuwa mzee aliyetoka Kenya ya kati akiwa bado kijana, akafuata reli mpaka Sultan Hamud, akafungua duka na hakuondoka tena. Pamoja na sukari na mabati, alinunua vyondo, vile vikapu vya kusukwa kwa mkono, kutoka kwa vikundi vya akina mama wa Ukambani na kumuuzia mnunuzi mmoja wa Nairobi, ambaye alivipakia melini kwenda Ulaya. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akikusalimu asubuhi alikusalimu kwa kidevu: anakiinua kidogo, anakishusha, kazi inaanza. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama wa Duka, ndiye aliyeongea kwa niaba ya nyumba nzima.

Kabla yangu, barua zote ziliandikwa kwa mkono na karani mmoja mzee, mwalimu wa dini mstaafu, ambaye macho yalimshinda akarudi kwao kulima. Siku yangu ya kwanza nilifungua droo yake nikakuta barua aliyoianza na hakuimaliza. Niliisoma nikacheka peke yangu. "Salamu nyingi sana zikufikie hapo ulipo, wewe pamoja na jamaa wote," ndivyo ilivyoanza. "Sisi huku ni wazima, hofu na mashaka ni kwenu tu. Mvua ilinyesha siku mbili ikatuaga." Iliendelea hivyo, ikapitia kwa mahindi, ikageukia kikohozi cha Mama wa Duka, na ukurasa mmoja na nusu ukaisha kabla ya kufika kwenye vyondo, ambavyo ndivyo vilivyokuwa shida yenyewe.

Mimi nilikuwa nimefundishwa vingine. Mwalimu wetu wa barua za biashara kule Nairobi, mama mmoja mwembamba aliyevaa miwani kwenye mnyororo, alituambia kwamba barua za kila siku na barua za habari njema ni rahisi kuliko kunywa chai. Mpe mtu habari yake kwenye mstari wa kwanza, usimzungushe. Kisha eleza la kufanya. Kisha funga kwa neno la shukrani, uondoke. Kuzungusha, alisema, ni kwa habari mbaya, maana hapo unamtayarisha mtu. Nililiandika jambo hilo kwa hati mkato na kulipigia mistari miwili. Hata leo nasema alikuwa sahihi, kwa Nairobi.

Nilimweleza Mzee mpango wangu mpya, naye akaukubali haraka kuliko nilivyotarajia. Alikuwa bahili wa karatasi. Isitoshe, hakupenda kutia sahihi, kwa sababu kila mara karani wa zamani alikuwa akimwita kutoka dukani akiwa katikati ya kupima kitu.

"Weka sahihi wewe," akaniambia. "Mimi niko na kazi."

Basi nikaanza. Niliithibitishia kampuni ya mabati kwamba mzigo umefika. Nilimshukuru fundi wa lori kwa kazi nzuri. Nilimwandikia mnunuzi wa Nairobi mistari mitatu, naye akajibu kwa mistari miwili, tukapendana sana. Barua zangu zilijibiwa upesi hata kuna siku Mzee aliniinulia kidevu mara mbili, asubuhi na jioni. Usiku huo nilimwandikia mama barua kumwambia kazi inaenda vizuri, na nakiri kwamba hiyo niliijaza salamu kuanzia juu mpaka chini.

Mwezi wa pili ikaja habari iliyotufurahisha sote. Kulikuwa na kikundi cha akina mama huko Kwa Vonza, upande wa Kitui, ambao kwa muda mrefu walikuwa wameomba waruhusiwe kutengeneza vyondo vya mtindo mpya, vyenye mikanda ya ngozi. Mnunuzi alikuwa amekubali. Alitaka mia tatu, na alivitaka Nairobi Ijumaa ya mwisho wa mwezi uliofuata, kwa kuwa meli haikumsubiri mtu.

"Waandikie," Mzee akasema. "Na wewe, hii kazi ikienda vizuri, tutaongea mambo ya kubaki."

Sijawahi kuandika barua kwa furaha kama ile. Niliingiza karatasi, nikaweka kaboni, nikanyoosha vidole. Nilimtaja mwenyekiti wa kikundi kwa cheo chake, kisha nikaandika mistari mitano, nami naikumbuka yote:

Ombi la kikundi chako limekubaliwa.
Tayarisheni vyondo mia tatu vyenye mikanda ya ngozi.
Lori litakuja kuvichukua Alhamisi ya mwisho wa mwezi ujao.
Tunawashukuru kwa ushirikiano wenu wa miaka yote.
Kwa niaba ya mwenye duka.

Nikatia sahihi yangu, yenye mkia mrefu niliokuwa nimeufanyia mazoezi. Niliisoma mara tatu nikaona haina kasoro. Ilikwenda posta pamoja na furushi la mikanda ya ngozi, nami nikaisahau.

Wiki zikapita. Jumanne ya wiki ile ya mwisho, mwendo wa saa nne asubuhi, nilisikia wimbo. Ulikuwa wimbo wa Kikamba, wa polepole, ule unaoimbwa watu wakiingia kwenye boma lenye msiba. Nilichungulia dirishani nikaona akina mama kama ishirini wakija kutoka upande wa barabara kuu, leso zimefungwa kiunoni. Mmoja amebeba sukari, mwingine majani ya chai, wengine unga, na wa nyuma kabisa ana jogoo kwapani. Nikajisemea, maskini, jirani gani huyu amefiwa na hatukuambiwa? Halafu wakakata kona wakaingia kwetu.

Mama wa Duka alitoka jikoni mikono ikiwa na unga. Aliyetangulia, mama mmoja mnene mwenye sauti nzito, alimkumbatia na kuangua kilio. "Pole, mwaitu," alikuwa akisema, kwa Kikamba mama yetu. "Pole sana, mwaitu." Mama wa Duka hakujua ni nani aliyekufa, lakini alikuwa mtu mwenye adabu, kwa hiyo naye akalia. Wengine wakawazunguka wakaanza ubeti wa pili.

Mzee alikuwa nyuma akipanga mapipa. Aliposikia kelele akatoka akipangusa mikono na gunia.

"Haiya! Ni nani amekufa?" akauliza.

Wimbo ukakatika. Jogoo akaanguka chini akakimbilia chini ya lori. Yule mama mnene, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha Kwa Vonza, alimwachilia Mama wa Duka akamtazama Mzee kutoka kofia mpaka viatu.

"Ai," akasema. "Ni wewe."

"Mimi?"

"Wewe ndio umekufa."

"Nani amesema?"

"Barua."

Nilitamani mtu anifungulie gunia moja la maharagwe niingie. Mwenyekiti aliketi juu ya kreti, akajifuta machozi kwa ncha ya leso, na alipogundua kwamba huzuni yake imekosa kazi, akaigeuza kuwa hasira.

"Miaka kumi na moja wewe unatuandikia," akamwambia. "Hakuna siku hujatusalimia. Hata ile mwaka ya njaa uliuliza mbuzi ngapi imebaki. Sasa inakuja karatasi, haina salamu, haina mvua, haina watoto! Mwalimu wa shule yetu alisoma ikaisha kabla hatujakaa chini vizuri. Tukamwambia ageuze hiyo upande ingine. Akageuza, hakuna kitu. Alafu huko chini kuna sahihi ya mtu hatujui, ati kwa niaba. Na ati asante kwa miaka yote. Tukasema basi, mzee ameenda, watu wake wanamalizia mambo yake."

Wenzake wakaitikia kwamba ndivyo ilivyokuwa. Mmoja akaongeza kwamba hata yeye hakuamini, mpaka mwalimu aliposoma tena ule mstari wa miaka yote. Hapo, alisema, walilia wote pamoja na mwalimu.

Mimi ni Mkamba. Nilikua nikimsomea bibi yangu barua za wajomba waliokuwa kazini Mombasa, na nilijua vizuri kwamba bibi hakuanza kusikiliza mpaka salamu zimwishie. Telegramu peke yake ndiyo iliyokuja bila salamu, na telegramu haikutuletea arusi hata siku moja. Yote hayo niliyajua. Cheti ndicho kilichonifanya niyaweke kando, nami niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka nausikia uso ukiwaka.

"Vyondo iko wapi?" Mzee akauliza.

Viko nyumbani, wakasema. Vilikuwa vimesukwa vyote, lakini mikanda ilikuwa bado kwa zaidi ya nusu. Walikuwa wamefanya kazi kwa heshima ya marehemu, lakini juma lililopita wakakubaliana kwamba hakuna atakayeshika sindano tena mpaka waje kwanza kumpa pole mjane. Walichanga, wakangoja siku ya gari, wakapanda jingine Machakos, na sasa wako hapa. Ilikuwa Jumanne. Mzigo ulitakiwa Nairobi Ijumaa.

Mzee aligeuka akanitazama, na kidevu hakikuinuka. Nilijua nimekwisha. Lakini kabla hajasema kitu, mwenyekiti alitia mkono ndani ya kiondo chake akatoa bunda la barua lililofungwa kwa uzi wa katani.

"Tulikuwa tumeletea mama," akasema akimwonyesha Mama wa Duka. "Tulitaka ajue tulikuwa tunamjua mzee wake. Wewe msichana, wewe ndio karani? Soma moja."

Nilimtazama Mzee. Akasema, "Soma."

Nikachomoa moja. Ilikuwa ya yule karani wa zamani, mwandiko wake ulioinama kama mtu anayepanda mlima. Nilisoma kwa sauti, nimesimama katikati ya uwanja, na akina mama wote wamenizunguka. Mzee katika barua ile alikuwa akimsalimu mwenyekiti na watu wote wa boma lake. Alikuwa amesikia kwamba mjukuu aliungua mguu na uji, akaomba aambiwe kama kidonda kimekauka. Aliwapongeza akina mama kwa tangi la maji walilojenga kanisani, akasema atakapopata nafasi atakuja kuyanywa maji yake. Alisema vyondo vya mara iliyopita vilipendwa sana, na kwamba alipovipakia alijivunia kana kwamba ni mkono wake uliovisuka. Ilikuwa barua nzuri, nami nilikuwa nimewahi kuicheka nyingine kama hiyo.

Nilipomaliza nilimwona Mzee amevua kofia. Alimwinamia mkewe, nami nilikuwa karibu nikasikia.

"Ni mimi huyo?"

"Ni karani," Mama wa Duka akamjibu kwa kunong'ona. "Wewe uliweka sahihi tu."

Mzee akaivaa kofia tena. Aliwatazama wale akina mama ishirini waliosafiri tangu alfajiri kumlilia yeye, mtu wa kuja, katika nchi ambayo kwa miaka yote alidhani inamjua kwa bei ya sukari tu. Akakohoa.

"Huyo mtoto wa mguu," akamuuliza mwenyekiti, "alipona?"

"Sasa anacheza mpira," mwenyekiti akasema, uso ukafunguka.

Chai ikapikwa kwa sukari na majani yao wenyewe, wakacheka mpaka wakashika mbavu, na jogoo akakamatwa akaingia sufuriani bila msiba. Wakati wakila, Mzee aliniita ofisini. Hakufunga mlango.

"Umeniua na nusu karatasi," akasema.

"Pole, Mzee."

"Usiniambie pole, sijakufa. Lori inawarudisha saa hii. Wewe utaenda na hao. Utashona mikanda mpaka Alhamisi. Vyondo ikikosa Ijumaa, usirudi hapa. Panda gari ya Nunguni." Akafika mlangoni, akasimama. "Na huko uliza habari yao. Uniletee."

Nilipanda lori nikiwa na nguo moja ya kubadilisha na daftari langu la hati mkato. Kwa siku mbili, uani kwa mwenyekiti huko Kwa Vonza, nilishona mikanda. Nilikuwa mbaya sana. Ngozi ilikuwa ngumu, sindano ilinitoboa vidole vile vile nilivyojivunia, na mama mmoja alikuwa akipitia kazi yangu akiifumua kimya kimya na kuishona upya, bila kuacha kunipigia hadithi. Waliniuliza kwa nini niliandika vile. Nikawaambia kwamba huko Nairobi ndiyo heshima, kutompotezea mtu wakati wake.

"Kwani huko mtu akikupenda anakuharakisha?" mwenyekiti akauliza, na wote wakacheka, nami nikacheka pamoja nao.

Kati ya mkanda na mkanda niliuliza na kuandika. Ni nani ana mtoto anayefanya mtihani. Ni nani ng'ombe wake ametupa mimba. Tangi la kanisa lina ufa upande gani. Niliyachukua yote kwa hati mkato, na akina mama walisogea kuona habari zao zikigeuka vikwaruzo. Sikuwahi kuitumia kazi yangu kwa jambo lililonifurahisha hivyo.

Alhamisi jioni kiondo cha mwisho kilipata mkanda wake. Lori lilipofika Sultan Hamud, Mzee alivikagua kwa tochi, akavuta mikanda michache kwa nguvu, hakuna uliong'oka, na gari likaendelea kwenda Nairobi na kufika Ijumaa kama ilivyoagizwa. Hakuniambia chochote kuhusu kubaki. Aliniuliza tu kama nilileta habari.

Jumatatu tuliandika barua ya kuwashukuru. Mzee aliketi upande wa pili wa meza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, nikamsomea daftari. Maneno aliyatamka mwenyewe, kwa shida, akisimama kila baada ya maneno mawili kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Alimwuliza mwanafunzi wa mtihani kama hesabu zilikuwa ngumu. Aliwaambia mvua ya Sultan Hamud ni ya wingu tu. Alifikiri sana, kisha akasema niandike kwamba siku walipokuja kumlilia alikuwa na aibu kubwa, kwa kuwa hakujua kama ana watu. Baada ya hapo akaniambia niache, kisha akaniambia hapana, niliandike. Vyondo vilikuja ukurasa wa pili. Alitia sahihi yeye mwenyewe.

"Weka na salamu yako hapo chini," akaniambia. "Wasiseme tena hawajui ni nani."

Nikaandika mstari mmoja, kwamba karani naye anawasalimu, na vidole vimepona.

Jibu lilichelewa, nami siku zikawa zinaniishia. Miezi yangu mitatu ilikuwa inatimia Jumamosi. Ijumaa usiku nilikunja nguo zangu, nikatunga namna ya kumweleza mama, na kila namna ilikuwa fupi mno. Jumamosi nilipofika ofisini nikafunika mashine kwa kitambaa chake na kupanga droo, ili atakayekuja asikute ovyo. Karibu na saa sita Mzee aliingia na bahasha iliyofunguliwa. Akaiweka mbele yangu.

Ilikuwa imeandikwa na yule mwalimu kwa maneno ya mwenyekiti. Zilitangulia salamu za Mzee, za mkewe, za lori hata. Chini kabisa palikuwa na sehemu yangu. "Na wewe karani," ilisema, "umetusalimia mstari moja tu. Hukutuambia kwenu ni wapi, wazazi wako hali gani, na kama mmelima. Tunangoja."

Niliisoma mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza machozi yalinizuia. Kisha nikamwambia Mzee kwamba nimefurahi kuiona, na nikaanza kuondoa kitambaa ili niwajibu kabla sijaondoka.

"Acha," akasema. Alikuwa ameshafika mlangoni, na watu walikuwa wanamwita dukani. "Saa hizi tunafunga. Utawajibu Jumatatu."